Bajeti ya Serikali Tunaijua, ya Nyumbani Tunafichwa

Mnakumbuka Juni 2024? Vijana wa nchi hii tulikaa chini tukasoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Watu ambao shuleni hawakuwahi kumaliza hata kitabu kimoja cha fasihi walikuwa wanakufafanulia VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Mswada ulitafsiriwa kwa lugha za mama, ukaelezwa kwa video za dakika moja, ukaingia mpaka kwa magrupu ya WhatsApp ya mashangazi. Kabla mwezi uishe, ushuru wa mkate na wa mafuta ulikuwa umeondolewa, na tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia mswada sahihi. Kuna vijana wenzetu waliopoteza maisha ili tufike hapo. Hatutasahau.

Sasa acheni niulize kitu, na msikasirike. Huo mkate tuliopigania, kwenu nyumbani unakula pesa ngapi kwa mwezi? Mafuta je? Kodi ya nyumba ni ngapi, na ya mwezi huu imelipwa? Kuna deni dukani? Wengi wetu hatujui. Tunajua deni la Kenya, hatujui deni la mathe kwa duka la pale kona. Na si eti hatujali. Hatuambiwi.

Hayo ndiyo maneno yangu leo. Nasema wazazi wa Kenya wanafaa kuketi na watoto wao, kila wiki ikiwezekana, wawaambie ukweli wa pesa ya nyumba. Kwa mdomo, na kwa nambari. Najua nikisema hivi kuna mzazi anasoma akisema, "Huyu aliacha chuo anataka kutufunza kulea." Sawa. Sina mtoto. Lakini mimi ni mtoto wa mtu, na hiyo kazi nimeifanya miaka ishirini na kitu. Nina uzoefu.

Nyumba nyingi zetu habari ya pesa haisemwi, inapakuliwa. Ukitaka kujua mambo yakoje, angalia sahani. Chai ya maziwa ikigeuka strungi, kuna kitu. Nyama nusu ikiwa robo, halafu robo ikiwa matumbo, halafu matumbo yakiwa omena, kuna kitu. Ugali unakuwa mkubwa na mboga inakuwa ndogo. Mtungi wa gesi unasukumwa kando, jiko la makaa linarudi, na ghafla tunapika githeri ya siku tatu kwa sababu "githeri ni nzuri kwa mwili." Mafuta ya lita yanaisha, mnaanza kununua ya kupima. Hakuna mtu amesema lolote. Lakini kila mtoto kwa hiyo nyumba amesoma gazeti lote.

Hata jina la mboga yetu linakwambia. Sukuma wiki. Ni kama waliolipa hilo jina walikuwa wameketi wakapiga hesabu: pesa imeisha, mwisho wa mwezi uko mbali, hii mboga itatusukuma mpaka tufike. Hilo jina ni la watu waliokuwa wakiongea ukweli kuhusu hali yao. Sisi tumebaki na mboga, ule ukweli tumeuacha njiani.

Shida ya sahani ni kwamba inakwambia nusu ya habari. Inakwambia kuna shida. Haikwambii shida ni kubwa kiasi gani, itakaa muda gani, wala wewe unaweza kufanya nini. Hapo ndipo watu wanaumia.

Nitatoa mfano wangu kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Baba yangu alikuwa amesimamishwa kazi miezi minane kabla. Miezi minane! Sisi watoto hatukuambiwa. Alikuwa anaoga asubuhi, anavaa, anatoka, anarudi jioni. Sahani ilikuwa inaongea, na nikija nyumbani likizo niliona omena Jumapili, siku ambayo tangu utotoni ilikuwa ya nyama. Niliuliza. Nikaambiwa, "Wewe soma tu." Ukweli niliupata wiki ya mitihani, jina langu lilipokosa kwenye orodha ya waliolipa karo. Siku hiyo ndiyo baba aliongea, tena kwa simu, tena kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia maishani.

Sasa fikiria. Ningeambiwa mwezi wa kwanza, kulikuwa na miezi saba ya kufanya kitu. Unaweza kuomba kuahirisha masomo mwaka mmoja na nafasi yako ikabaki. HELB iko tangu 1995, na huwa wanapokea maombi kwa wakati wake. Kuna basari za kaunti na za CDF, ambazo zina tarehe ya kufungua na tarehe ya kufunga. Hivyo vyote vinataka kitu kimoja: ujue mapema. Pesa ilikuwa haiko, sawa, hiyo haikuwa makosa ya mtu kwetu. Lakini muda ulikuwako, na muda ndio ulifichwa. Simlaumu baba. Alifikiri ananikinga. Lakini siri yake ilinifikia kama ajali wakati ingenifikia kama habari.

Kuna jambo lingine hatulitazami. Nyumba ikinyamaza kuhusu pesa, lawama zote zinaenda kwa anayepika. Na tunajua anayepika ni nani. "Mama, kwani ni sukuma tena?" "Mama, hii supu mbona ni maji?" "Mama, kwa kina fulani wanakula chapo kila wiki." Mama amepewa mia mbili ya kulisha watu watano, ameenda mpaka soko la mbali ili apate nyanya za bei ya chini, amekatakata kitunguu kimoja kikaonekana viwili, halafu anapewa alama kama yuko kwa mashindano ya mapishi. Hawezi kujibu, kwa sababu jibu lenyewe ni siri ya nyumba. Anasema tu, "Kula ama uache." Tunasema ni mkali. Yeye amebeba bajeti ya baba na malalamiko ya watoto kwa sufuria moja.

Ile nambari ikisemwa mezani, sukuma haitakuwa tena uamuzi wa mama. Itakuwa uamuzi wa pesa, na kila mtu anaiona. Nakuhakikishia, mtoto ambaye amejua kuna mia mbili hatauliza nyama iko wapi. Atauliza, "Mama, nikusaidie kuchambua?"

Sasa twende kwa majibu ambayo wazazi hutoa. Nayaheshimu, lakini nataka tuyaangalie.

La kwanza: "Mambo ya nyumba ni siri, watoto wataenda kusema nje." Wazazi wangu, kwa heshima, siri kwa nani? Mwenye duka ana daftari lenye jina lenu na kila pakti ya unga mliyochukua tangu mwezi uanze. Mama mboga anajua mlipoacha kununua hoho na dhania. Mwenye nyumba anajua kodi ilichelewa siku ngapi. Wanachama wa chama wanajua nani hajalipa mchango. Hata Fuliza inajua, tena inajua mpaka senti. Mtaa mzima una ripoti yenu. Watu pekee hawajui ni wale wanaokula kwa hiyo sufuria. Hiyo si siri. Hayo ni mapengo, na mapengo watoto huyajaza na hofu. Mtoto anaanza kufikiri mnataka kuachana. Mwingine anafikiri mmeacha kumpenda kwa sababu viatu vyake havikununuliwa. Nambari ya kweli, hata ikiwa mbaya, ni ndogo kuliko ile anayoiwaza usiku.

La pili: "Mtoto ni mtoto, usimbebeshe mizigo ya watu wazima." Hili lina uzito, na sitaki kulipuuza. Lakini niambieni ni nani hutumwa dukani aseme, "Mama amesema uandike, atalipa Ijumaa." Ni nani hutumwa kwa mlango mwenye nyumba akigonga, aseme baba hayuko? Ni mtoto wa miaka tisa. Tunamtuma yeye kwa sababu mwenye duka ataona aibu kumfukuza mtoto. Kwa hivyo mzigo tayari amebeba. Amebeba aibu yote, kile hajapewa ni maelezo tu.

Na watoto wanajua bei, msidanganyike. Katikati ya 2022, unga wa kilo mbili ulipopita shilingi 200, na serikali ikateremsha bei mpaka 100 kwa wiki chache kabla ya uchaguzi, nani alikuwa kwa foleni? Nani alitumwa duka la tatu, la nne, akarudi kusema unga wa mia umeisha? Ni hao watoto mnaosema hawafai kujua.

La tatu huwa halisemwi kwa sauti, lakini liko: heshima ya baba. Mwanaume wa Kenya amefunzwa kwamba kusema "sina" mbele ya watoto wake ni kuvua nguo. Nimeongea na wazee kadhaa wa rika la baba yangu na wote wanarudi hapo hapo. "Watanionaje?" Buda, tutakuona. Hiyo ndiyo shida ya sasa, kwamba hatukuoni. Tunaona mtu anayerudi usiku, anakula kimya, anaangalia simu, analala. Tunadhani umetuchoka. Siku ukisema, "Kazi imeisha, tunaishi kwa hizi, tutapanga hivi," hutapoteza heshima kwangu. Utakuwa umenipa kitu ambacho hakuna chuo kinafunza: mwanaume anafanya nini pesa ikiisha na bado ni baba.

Lakini kuna mpaka, na lazima niuseme vizuri kwa sababu najua vifungua mimba wako hapa wakinisoma. Kujua si kulipa. Kuna nyumba ambako mtoto wa kwanza ameambiwa hali ya nyumba, na kutoka siku hiyo hali ya nyumba ikawa yake. Ana miaka kumi na tisa na analipa kodi, karo ya wadogo zake, na dawa ya nyanya. Akinunua viatu anaulizwa viatu ni vya nini. Hiyo siyo ninayoongelea. Mzazi akikwambia hesabu ili uelewe, amekuheshimu. Akikwambia hesabu ili umrithi majukumu kabla hujaanza maisha, amekuongezea mzigo. Tofauti inasikika kwa mdomo. "Hii ndiyo hali yetu" si sawa na "Wewe ndiwe tumaini letu." Sentensi ya kwanza inaweka watu mezani. Ya pili inamfungia mmoja mlangoni.

Basi inafanywaje? Si lazima iwe mkutano wa baraza. Jumapili baada ya chakula, dakika ishirini zinatosha. Karatasi moja yenye mistari mitano: kilichoingia, kodi, chakula, shule, deni. Televisheni izimwe.

Kwa mtoto wa miaka minane, usimwonyeshe karatasi yote. Mwambie tu, "Mwezi huu hakuna nyama kwa sababu tunalipa karo ya dada yako. Hakuna aliyekosea. Tutakula maharagwe, na mwezi ujao tutaangalia." Anahitaji kujua vitu viwili: si makosa yake, na wazazi wana mpango.

Kwa mtoto wa miaka kumi na nne, mpe pesa ya mboga ya siku tatu, iwe mia tano, na umtume sokoni na orodha. Awe mvulana au msichana. Hasa mvulana, kwa sababu huyu ndiye atakayekuja kumuuliza mke wake pesa ya chakula ilienda wapi. Akirudi na mia tano imeisha siku ya pili, hutahitaji kumhubiria. Halafu mpige naye hesabu. Mafuta ya kupima ya shilingi 30 kila siku ni 900 kwa mwezi. Aambiwe kwa nini mtu maskini hununua kidogo kidogo na mwishowe akalipa zaidi. Hilo ni somo la uchumi ambalo hatalisahau.

Kwa wa miaka kumi na nane kwenda juu, mpe nambari zote. Ana kitambulisho, anapiga kura, alisoma Mswada wa Fedha. Anaweza kusoma wa nyumba yenu.

Kwetu tulianza baada ya mimi kurudi nyumbani. Mathe ndiye alianzisha, baba akaketi kando akijifanya anasikiliza redio. Wiki ya tatu akazima redio. Sitawadanganya kwamba pesa iliongezeka. Haikuongezeka. Lakini tuliona mapema kwamba karo ya ndugu yangu wa kidato cha tatu haingetimia muhula ukifunguliwa. Tukaenda kwa mhasibu wa shule kabla shule zifunguliwe, tukaandikiana kulipa kwa awamu. Muhula huo hakutumwa nyumbani hata siku moja. Pesa ilikuwa ile ile, tulichoongeza ni wiki tatu za kujua.

Na mimi pia huandika yangu. Kazi hii ya video mwezi mmoja unapata tangazo, mwezi mwingine unapata sufuri, na watu huona simu na taa wakadhani una pesa. Nambari yangu inaingia kwa karatasi na ya wengine. Mwezi wa sufuri naandika sufuri. Ilikuwa ngumu mara ya kwanza. Lakini baada ya baba kuandika yake, ningekataaje?

Sasa vijana, nanyi nina neno kwenu, msinishangilie tu. Ukiambiwa, kuna sheria mbili. Ya kwanza, kilichosemwa mezani kinabaki mezani. Kuna watu wameniambia nipige video ya bajeti ya kwetu, eti "mama akipika kwa mia mbili" itapata watazamaji wengi. Ingepata, najua. Sitafanya. Sufuria ya mathe si kontenti. Alinionyesha ile karatasi kama mwanawe, hakunionyesha kama mtu mwenye kamera. Ya pili, ukishajua, usirudi kuitisha kama hujui. Huwezi kuona mstari wa deni Jumapili halafu Jumanne unataka viatu vipya kwa kununa. Kama huna pesa ya kuchangia, una mikono. Teka maji, osha vyombo, chambua mchele, pika. Nyumba haikosi kazi ya mtu asiye na pesa.

Na kabla mtu aseme nimesahau serikali, sijasahau. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Kuongea mezani hakuteremshi bei ya unga, na familia kupanga vizuri si kisingizio cha mtu yeyote kutuibia juu. Tutaendelea kuwauliza. Lakini huwezi kuwadai viongozi waseme ukweli kuhusu pesa ya umma ukiwa umelelewa kwamba kuuliza pesa iko wapi ni utovu wa adabu. Mtoto aliyezoea kuuliza nyumbani kwa heshima, na akajibiwa kwa heshima, ndiye atakayemuuliza MCA na asitetemeke.

Kwa hivyo wazazi wetu, Jumapili hii jaribuni. Kama nambari ni mbaya, isemeni ikiwa mbaya. Hatutaki miujiza na hatutaki kukingwa mpaka siku ya ajali. Sukuma wiki tutakula. Tuambieni tu ni wiki ngapi.